Kipande cha ngozi bila maelezo ni kazi nusu

Fomu inayoambatana na kipande cha ngozi kwenda maabara ina nafasi ya maelezo ya mgonjwa. Mara nyingi nafasi hiyo hujazwa neno moja: "Vipele." Akijitahidi sana, daktari huongeza "mwasho". Kisha anakaa kusubiri hadubini imtajie ugonjwa. Kwa magonjwa ya ngozi yanayojaa eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, atasubiri sana.

Kuiona eosinofili si kazi. Kipande kikishapakwa rangi za hematoksilini na eosini, seli hiyo inajitokeza yenyewe: kiini kilichogawanyika sehemu mbili, punje nyekundu zilizokolea. Tabu ni kwamba inahudhuria kila penye mwasho, kama jirani asiyekosa shughuli hata moja mtaani. Utaikuta kwenye ng'ato za wadudu, kwenye upele wa kuambukizana, kwenye mzio wa dawa, kwenye minyoo, kwenye pemfigoidi, yaani ugonjwa wa malengelenge ambapo kinga ya mwili hushambulia ngozi yenyewe. Hata zile "alama za miali", yaani nyuzi za kolajeni zilizogandiwa na protini za punje hizo, ambazo wengi wakiziona hukimbilia kutaja ugonjwa wa Wells, ugonjwa adimu wa ngozi ulioelezwa mwaka 1971, hupatikana pia kwenye ng'ato ya kawaida tu.

Mfano ninaoupenda ni wa Uganda. Vipele vya mwasho mkali kwa watu wenye VVU vilikuwa vikihesabiwa kama jambo la virusi vyenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulichukua vipande vya ngozi kwa wagonjwa 102, na vya wagonjwa 86 vilikuwa na sura ya ng'ato za wadudu: seli zimejaa juu na kushuka hadi ndani ya ngozi, eosinofili zikiwa tele. Na kadiri CD4, yaani hesabu ya seli za kinga, ilivyokuwa chini ndivyo vipele vilivyozidi ukali. Mdudu ni yuleyule anayetuuma sote. Mwili ndio ulioupokea mdomo wake vingine. Sasa nitajie, msomaji wa hadubini angejuaje hayo kama fomu haisemi lolote kuhusu VVU?

Wanaoniuma moyo zaidi ni wazee. Mzee anajikuna miezi, anapakwa dawa ya upele, anarudi, anapakwa tena. Pemfigoidi inaweza kuwasha muda mrefu kabla ya lengelenge la kwanza. Hapo kipande kimoja hakitoshi. Cha kuwekwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia, kikatwe ukingoni mwa lengelenge jipya. Cha pili, cha kutafutia kingamwili kwa mwanga wa florosenti, kitoke kwenye ngozi iliyo kando yake, na kisiguse fomalini kabisa. Kama maabara i karibu na kitafika ndani ya siku moja, maji ya dripu ya chumvi yanatosha kukihifadhi. Kwa maoni yangu hospitali za rufaa zingewekeza kwenye kipimo hicho kabla ya kununua mashine nyingine ya kuzinduliwa kwa utepe.

Fomu yenyewe haidai insha. Umri, vipele vilianza lini na viko wapi, dawa alizoanza wiki za karibuni, hali ya VVU, kama kuna malengelenge. Na kama wenzake wa nyumbani nao wanajikuna, hilo liandikwe mstari wa kwanza.