Usiku wa Nyota wa Van Gogh: Alichokiona Dirishani na Alichokitunga

Vincent van Gogh alichora Usiku wa Nyota mwezi Juni 1889, akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Paul-de-Mausole, nje ya mji wa Saint-Rémy kusini mwa Ufaransa. Turubai lina sentimita 73.7 kwa 92.1 na sasa limo katika Museum of Modern Art, New York. Wengi wanaliona kama picha ya akili iliyovurugika. Wengine wanaliona kama kazi ya mtu aliyejua anachofanya. Sisi tuko na hawa wa pili, ingawa wa kwanza nao wana hoja.

Hoja yao ni historia yake. Desemba 1888, mjini Arles, alijikata sikio. Mei 8, 1889 akaingia hospitalini kwa hiari yake. Anga lenye mizunguko mikubwa namna ile ni rahisi kulihusisha na hali hiyo. Lakini tarehe hazikubali. Alimwandikia mdogo wake Theo kuhusu picha hiyo takriban Juni 18, akiwa na nafuu na akichora kwa bidii. Shambulio la ugonjwa lililofuata lilimpata katikati ya Julai, na lilipomshika alishindwa kabisa kufanya kazi.

Picha yenyewe nayo inatoa ushahidi. Dirisha la chumba chake lilitazama mashariki, na wiki chache kabla alikuwa amemweleza Theo jinsi alivyoiona nyota ya alfajiri, kubwa sana, kabla jua halijachomoza. Hiyo ni Zuhura, ile nyeupe iliyo upande wa kulia wa mti mrefu mweusi ulio mbele katika picha. Vilima vya Alpilles navyo ni vya kweli. Kijiji hakikuonekana kutoka dirishani: amekiongeza, na mnara mrefu mwembamba wa kanisa lake unafanana zaidi na makanisa ya kwao Uholanzi. Mwezi wa siku zile ulikuwa umepita upevu siku chache tu, kwa hiyo ulikuwa bado mnene. Yeye akauchora mwembamba. Isitoshe, hakuchora akiwa chumbani. Alikuwa na studio ghorofa ya chini, mbali na dirisha lile, akiunganisha kumbukumbu na ubunifu.

Hata rangi zimepangwa: buluu za altramarini na kobalti angani, manjano ya Kihindi na ya zinki kwenye nyota na mwezi. Manjano yanang'aa kwa sababu yamezungukwa na buluu, na rangi imepakwa nzito, alama za brashi zikifuata mwendo wa anga. Ukikosea mwelekeo wa brashi hapo, mzunguko unakufa.

Ugumu wa kweli tunauona kwingine. Theo alimwonya kwamba kutafuta mtindo kunapunguza hisia ya kweli ya vitu. Novemba mwaka huohuo Vincent mwenyewe alimwandikia mchoraji Émile Bernard kwamba amejiachia tena kufuata nyota kubwa mno, na kwamba ameshindwa. Mchoraji Paul Gauguin, aliyeishi naye Arles, ndiye aliyekuwa amemsukuma kuchora kutoka kichwani. Wanaosema picha imezidisha basi wanaye shahidi mkubwa, mchoraji mwenyewe. Hata hivyo, alikuwa akiihukumu kwa kipimo cha uaminifu kwa kilichoonekana, na nguvu ya picha hii imo hasa katika vitu alivyoviongeza.