Chungwa lisilo na mbegu halikudungwa sindano

Juzi, katika soko la Buguruni, nilimsikia mama mmoja akimkataza binti yake kununua machenza yasiyo na mbegu: "Hayo yamedungwa sindano, mwanangu." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi hapa Dar es Salaam, na huniuma kila ninapoisikia, kwa sababu inafuta kazi ya mti wenyewe pamoja na kazi ya watu walioutunza.

Kwa kawaida ua lisipopata chavua mbegu haitungwi, na pasipo mbegu tunda changa hupukutika. Katika jamii ya michungwa, hata hivyo, imo miti ambayo tunda lake hukua bila mbegu kutungwa. Chungwa la Washington, lile lenye kitovu, lilitokea lenyewe Bahia, Brazili: chavua yake haifai kitu, na mayai ya maua yake karibu yote ni tasa. Miche yake ilifika Washington mwaka 1870, na mwaka 1873 ikamfikia Eliza Tibbets huko Riverside, California, ambako mti mmoja kati ya ile ya kwanza ungali hai. Kwa kuwa hauna mbegu ya kupanda, umeenea duniani kwa kubebeshwa tu, yaani kuunganisha jicho (chipukizi changa) lake kwenye shina la mti mwingine, jicho baada ya jicho.

Chenza la klementina lina tabia nyingine. Halikubali chavua ya aina yake, kwa hiyo likipandwa peke yake huzaa bila mbegu. Nyuki wakililetea chavua ya aina nyingine inayopatana nalo, mbegu hurudi. Ndiyo sababu wakulima wengine hufunika miti yao kwa vyandarua wakati wa maua.

Watafiti nao hufuata njia ambazo maumbile yalikwisha kuzionyesha. Ndimu ya Tahiti ina kromosomu, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli, 27 badala ya 18 za kawaida, nazo hushindwa kugawanyika sawasawa, hivyo mbegu hazitungwi. Ukipandanisha mti wenye kromosomu 36 na wenye 18, unaweza kupata wenye 27. Hivyo ndivyo lilivyopatikana balungi la Oroblanco, lililotolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1980. Chenza la Tango, la mwaka 2006, lilitokana na vijiti vya kubebeshea vilivyopigwa mionzi ya gama ili kubadili urithi wake. Mionzi ilipita kwenye vijiti hivyo mara moja tu, miaka mingi kabla ya tunda unaloshika sokoni.

Kazi hii inahitaji subira kubwa. Mbegu moja ya mchungwa mara nyingi huotesha miche ambayo ni nakala kamili ya mama, hata baada ya kupandanishwa, na mtafiti hungoja miaka kadhaa aone tunda la kwanza.

Kama ni hofu, mimi ningeipeleka kitaluni. Jicho likitoka kwenye mti mgonjwa, ugonjwa huenda nalo, kwa hiyo anayenunua mche wa kupanda uani kwake Mbagala au Kimara aulize jicho lilichukuliwa kwenye mti gani. Shina linalolibeba jicho hilo, kwa kawaida la mlimau, limeoteshwa kwa mbegu, na tabia ileile ya kuzaa nakala inayomchosha mtafiti ndiyo inayompa mwenye kitalu mashina yanayolingana.