Mtakatifu wa Kuibwa wa Bari na Msikiti Wetu wa Dimbani

Ninamtunza bikizee mmoja hapa Bari, kusini mwa Italia, mwaka wa nne huu. Ana miaka 89 na ulimi usiojua kupumzika. Asubuhi namwogesha, namvisha, tunakunywa kahawa yetu, na siku akiwa na nguvu tunatoka taratibu, yeye na mkongojo wake, mimi na mkoba wa dawa, mpaka kanisa la San Nicola pale mji mkongwe. Mwendo wa dakika 10 hutuchukua saa nzima, maana kila mlango lazima asimame aulize habari za wa ndani.

Mara ya kwanza nilimwambia nitamngoja nje. Mimi mtoto wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, mtandio kichwani, kanisani nikatafute nini? Akanambia ngazi za kushukia kaburini kwa Mtakatifu Nicola hazipatani tena na magoti yake, basi nishuke mimi nimfikishie salamu. Salamu za mtu mzima hazikataliwi. Nikashuka.

Kule chini dari ni fupi, na nguzo 26 zimesimama karibu karibu kama minazi ya shamba la zamani. Nilijua nitatazamwa kwa mtandio wangu. Kumbe waliojitanda walikuwa wengi kuliko vichwa wazi! Walikuwa wanawake wa Kirusi, wamepiga magoti, wanabusu sakafu. Warusi wanampenda Nicola huyu kupita kiasi. Wao ni Waorthodoksi, kanisa ni la Wakatoliki, na makanisa hayo mawili yaliachana mwaka 1054. Lakini hapo kaburini kila upande una nafasi ya kufanya ibada yake. Nilisimama pembeni, nikatoa salamu za bibi kwa Kiswahili, nikapanda.

Nicola alikuwa askofu wa Myra, pwani ya Uturuki ya leo, katika karne ya 4. Ndiye huyohuyo ambaye Wazungu walimvuta na kumgeuza mpaka akawa mzee wa Krismasi mwenye kanzu nyekundu. Sasa mifupa yake ilifikaje Italia? Hapo ndipo bibi yangu macho humng'aa. Iliibwa. Mwaka 1087 mabaharia wa Bari waliokuwa wamepeleka nafaka Antiokia walipata habari kwamba watu wa Venezia wana nia ya kuichukua. Wakawawahi. Walitia nanga Myra, wakavunja kaburi mbele ya watawa waliokuwa wakililinda, wakapakia mifupa, na tarehe 9 Mei wakaingia nayo bandarini Bari. Majina ya mabaharia 62 yamehifadhiwa mpaka leo, kama vile kwetu mtu anavyohifadhi majina ya walioshinda ngalawa. Ukoo uliomo katika orodha ile hutembea kifua mbele.

"Lakini bibi, huo si wizi?" nilimuuliza.

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema mtakatifu asingetaka kuja, bahari ingemrudisha.

Abate Elia, mkuu wa watawa, ndiye aliyeanza kujenga kanisa, mahali palipokuwa na jumba la liwali wa dola ya Kirumi ya Mashariki. Mwaka 1089 Papa Urbano wa Pili mwenyewe alikuja kuiweka mifupa chini ya altare, na kanisa zima likawekwa wakfu mwaka 1197. Ni jeupe, zito, minara yake miwili hailingani, na mlango mkubwa umebebwa na ng'ombe wawili wa mawe. Hadithi ya mtaani ni kwamba ng'ombe waliolivuta sanduku la mifupa ndio waliochagua mahali, walipogoma kwenda mbele. Ndani kuna kiti cha marumaru cha askofu, na chini yake vijitu vimekibeba, uso umewakunjana kwa uzito. Bibi anasema hao ni watunzaji wa wazee, akimaanisha mimi.

Kuna na nguzo nyekundu ndani ya kizimba cha chuma. Alfajiri ya tarehe 6 Desemba, sikukuu ya mtakatifu, wasichana wanaotaka waume huja kuizunguka. Shangazi yangu wa Mkunguni nilipomsimulia hakusema lolote la dini. Aliuliza tu kama nimekwisha izunguka.

Na yako maji. Kila tarehe 9 Mei padri huchota umajimaji unaojikusanya ndani ya kaburi, wanauita mana, ukachanganywa na maji na watu wakaenda nayo nyumbani kwa wagonjwa. Wataliano wa mjini, waliosoma, wengine huona haya kidogo ukiitaja habari hiyo. Mimi sikuona ajabu. Nimelelewa na bibi yangu wa nyumbani, aliyekuwa akinipa kombe, aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya kunywa, kila nikishikwa na homa.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Nikirudi nyumbani likizo, au kwenye makundi yetu ya simu, kuna wimbo mmoja usiokwisha: Wazungu wanajua kutunza vyao, sisi tunaviacha vioze. Tarehe 25 Desemba 2020, pale Beit el Ajaib ilipoporomoka kipande, jumba la Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, la mwaka 1883, nilipokea video ileile mara kumi na zaidi, na chini yake maneno ni hayohayo. Nililia siku ile, sitaficha. Lakini wimbo ule siuimbi tena, kwa sababu nimekaa mji mkongwe wa hapa na nimesikia wenyewe wanavyousimulia. Miaka ya 1980 mtaa huu ulikuwa wa kukimbiwa: nyumba mbovu, vijana wa pikipiki wanapora mikoba, watu wa mji mpya hawakanyagi. Bibi ananionyesha pembe aliyoporwa mkufu. Kwa hiyo utunzaji si damu ya mtu. Unakuja na kuondoka.

Kilichonitia wivu mimi ni mdomo. Hapa muuza samaki anajua mwaka 1087. Mama anayekaa mlangoni akisokota tambi za vijisikio, orecchiette, anajua jina la abate. Mtoto wa miaka saba anayepiga mpira kwenye ukuta wa kanisa (na wanaupiga kweli, hakuna anayewafukuza) atakwambia habari ya wale ng'ombe. Mwezi wa Mei sanamu ya mtakatifu hupakiwa mashuani ikatembezwa baharini, na usiku wanawake wanakaanga vipande vya sembe vya mraba barabarani, ukila unakumbuka bajia za Forodhani bila pilipili. Ukiwa Bari huwezi kuikwepa hadithi. Itakupata hata ukiwa unanunua vitunguu.

Mimi nimezaliwa Kizimkazi Mkunguni. Kutoka kwetu mpaka Dimbani ni kwa miguu, na Dimbani kuna msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe, yanasema Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, mwaka 500 wa Hijria. Hiyo ni 1107. Hesabu mwenyewe: siku fundi wetu alipokuwa akichonga herufi zile, hapa Bari walikuwa bado wanapandisha kuta. Rika moja! Na tarehe hiyo niliijua lini? Nilipokuwa Italia, usiku, nimekaa jikoni kwa bibi na simu, baada ya yeye kuniuliza, "Na kwenu kuna kitu cha zamani?"

Nilipita mbele ya msikiti ule mamia ya mara. Skuli niliyosoma ilinikaririsha kwamba Vasco da Gama alifika mwaka 1498, na mpaka leo ukiniamsha usingizini nitakutajia. Msikiti wa mtaa wa pili haukutajwa hata siku moja. Watalii wanaokuja kwetu wanakimbizwa boti alfajiri kufukuza pomboo, wakirudi, kama muda umebaki, wanaonyeshwa msikiti dakika tano, mabega yamefunikwa khanga ya kuazima. Siwalaumu vijana wa boti, pomboo ndio wanaowalisha. Ila wenyewe ukiwauliza msikiti ni wa lini, watakwambia "wa zamani sana, wa Washirazi", basi, kisha bei ya boti.

Wako wanaoona aibu kwa sababu umeezekwa mabati. Niliwahi kusikia mgeni mmoja akisema kwa sauti kwamba picha haitoki vizuri. Hilo nalikataa kabisa. Watu wanasali mle, mvua ya masika lazima izuiwe na kitu. Na hao San Nicola wenyewe wametia viraka: yale matao makubwa yanayokata kanisa katikati yaliongezwa karne ya 15 kulishikilia lisianguke, na dari ya dhahabu ambayo kila mtalii anaipigia picha ni ya karne ya 17. Msikiti wetu nao sehemu kubwa ilijengwa upya karne ya 18. Kilwa Kisiwani msikiti mkuu ni mzuri kuliko wote wawili, naapa, na hausaliwi, popo wamebaki. Mimi nachagua mabati.

Nisije nikaonekana nimeshawekwa mfukoni na Wataliano. Nao wana yao wasiyosimuliana. Tangu mwaka 847 mpaka 871 Bari ilikuwa chini ya maamiri Waislamu, wakajenga na msikiti hapahapa. Nimezunguka mtaa mzima sijaona hata jiwe la kuonyesha. Nilipomwambia bibi alinitazama kama nimemwambia mtakatifu alikuwa mpishi. Akaniuliza nimelitoa wapi, nikamsomea, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ulikwisha kuja zamani." Sikujua kama ni utani. Muuza samaki naye hajui. Mdomo wa mtaa unachagua cha kubeba, na kilichoshindwa vita hubaki nyuma.

Na hadithi ikishakolea, huuzwa. Wale mama wa tambi sasa wamezungukwa na simu toka asubuhi. Nyumba tatu za kwenye uchochoro wetu zimegeuzwa za kukodisha wageni kwa usiku mmoja mmoja. Jirani aliyekuwa akimletea bibi supu amehamia ng'ambo ya mji, kodi imemshinda. Mwenye ndugu Mji Mkongwe wa Unguja ananielewa bila maelezo zaidi. Nataka hadithi ya Dimbani isemwe, lakini nikifikiria isemwe kwa nani na ili iweje, napata kigugumizi.

Naona ianzie kwa wa ndani. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, sherehe yetu ya mwaka mpya, haujafa kwa sababu hauchezwi kwa ajili ya mgeni. Akija aje, migomba itapigwa tu, na mtoto anajua kwa nini kibanda kinachomwa. Msikiti ungehitaji hicho tu: mwalimu mmoja wa skuli awachukue watoto mchana mmoja, awaweke mbele ya kibla, wazisome zile herufi kwa vidole. Haihitaji mfadhili.

Wiki iliyopita nilimpigia mama. Cheichei, hujambo, mvua, bei ya sukari, halafu nikamuuliza anajua nini kuhusu msikiti wa Dimbani.

"Ule aliouchomea chokaa babu yako?"

Nikasema, "Babu yupi?"

Akanieleza, bila haraka, kama anayesoma risiti. Babu mzaa mama, kabla sijazaliwa, alikuwa na tanuu ufukweni. Walikusanya matumbawe, wakayapanga juu ya magogo, wakachoma usiku kucha, na chokaa ile ilikwenda kuziba nyufa za ukuta wa upande wa bahari. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la moto. Kovu nalikumbuka! Nilikuwa nalichezea nikiwa nimepakatwa, na siku zote nilidhani ni la jikoni.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza. Na wewe ulikuwa mtu wa kukimbia."

Asubuhi yake nilimsimulia bibi tukiwa tumekaa kwenye ngazi za San Nicola, jua linaanza kuwaka. Kitaliano changu ni cha dawa na sokoni. Neno la tanuu sikulijua, basi nikachukua karatasi iliyofungia mkate, nikamchorea: magogo chini, mawe juu, mtu mmoja kasimama. Aliishika karibu na macho, akauliza babu alikuwa anaitwa nani, akaniomba niliandike jina pembeni yake.