Muuaji aliye na mama yake

Video ya nyangumi muuaji akimrusha sili, mnyama wa baharini, juu kwa mkia imezunguka sana kwenye simu za vijana wa Shangani, Mtwara, na hukumu ilishatoka palepale pwani: katili, anachezea chakula. Mzee mmoja aliyekuwa akiziba tundu la wavu hakuinua hata macho. "Hapo yuko na nani?" akauliza.

Yuko na mama yake. Katika Pasifiki, kutoka California hadi Alaska, wapo nyangumi hawa wasiogusa samaki. Wanakula sili, simba wa bahari na pomboo. Wanaitwa kwa jina la Michael Bigg, Mkanada aliyeanza kuwatambua mmoja mmoja kwa picha za mapezi miaka ya 1970. Familia ni mama na wanawe. Kwetu kusini, ambako Mmakonde na Mmwera huhesabu ukoo kwa mama, hilo halihitaji mkalimani.

Mimi nimeng'ang'ania namba tatu. Waliowafuatilia kusini mwa kisiwa cha Vancouver, Kanada, walikuta kwamba kila mmoja hushiba zaidi nyangumi watatu wakiwinda sili pamoja. Wakizidi, mafungu yanakuwa madogo. Ndiyo maana binti akianza kuzaa huondoka, na kwa mama mara nyingi hubaki dume mmoja mkubwa. Binamu zao wanaokula samaki hawaachani kabisa, na hupiga soga wakiwinda, maana samaki aina ya samoni hasikii vizuri sauti zao. Sili anasikia. Kwa hiyo wawindaji hawa hunyamaza, mtoto kwa mkubwa, hadi windo life. Aliyelea watoto wanne nyumba moja anajua hiyo ni kazi gani!

Na ule mkia? Simba wa bahari ana meno. Ukimvamia kwa mdomo kabla hajalegea, unajitafutia kidonda. Kwa sili mdogo sababu hiyo haitoshi, nakubali.

Wanaowaita wauaji wana ushahidi mzito kuliko video. Desemba 2016, karibu na kisiwa hichohicho cha Vancouver, dume mmoja alimuua kichanga wa familia nyingine, akisaidiwa na mama yake ambaye umri wa kuzaa ulishampita. Hapo sina utetezi.

Lakini malalamiko ya wavuvi wa kule ni yaleyale ya huku dhidi ya pomboo: sili wanatumalizia samaki. Kanada ilisimamisha uwindaji wa sili upande wake wa Pasifiki mwaka 1970, Marekani ikawalinda kwa sheria mwaka 1972, sili wakajaa tena. Anayewapunguza bila kulipwa ni huyuhuyu katili. Naye ameongezeka, huku binamu zake walaji samoni wa upande wa kusini hawafiki 80.

Nilimweleza mzee hayo yote. Akakata uzi kwa meno, akaukunjua wavu. "Basi pomboo wa hapa wanakula nini," akasema, "maana tundu hili si la sili."