Matone au kisu: protini za lenzi zinatuambia nini kuhusu mtoto wa jicho

Dar es Salaam, mtu mzima akiambiwa ana mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi ya jicho, swali lake la kwanza huwa moja: hakuna matone? Akijibiwa kwamba tiba ni upasuaji, wengi hurudi nyumbani "kujipanga", na kujipanga huko huweza kuchukua miaka. Ni rahisi kuliita swali hilo woga. Mimi naliona swali la haki, tena utafiti wa miaka ya karibuni umelipa uzito, ingawa jibu lake bado halimfai aliyeuliza.

Lenzi hukaa nyuma ya mboni, na theluthi moja hivi ya uzito wake ni protini, wingi ambao ni nadra kuukuta kwenye tishu nyingine mwilini. Nyingi ni za jamii ya kristalini, yenye makundi matatu: alfa, beta na gama. Zimesongamana kwa mpangilio unaoiacha nuru ipite bila kutawanyika. Ili uwazi huo upatikane, seli za katikati ya lenzi hupoteza viini vyake na mitambo karibu yote ya ndani, kwa hiyo haziwezi tena kutengeneza protini mpya. Mzee wa miaka 70 anaitazama dunia kupitia protini ambazo nyingine ziliundwa kabla hajazaliwa.

Miaka yote hiyo protini hizo zinapambana na mionzi ya jua, sukari, moshi wa sigara na kemikali zinazotokana na oksijeni. Zinakunjuka, kisha zinashikamana. Mlinzi wao ni alfa, ambayo huzidaka protini zilizoanza kukunjuka kabla hazijagandana na wenzake. Kazi hiyo Joseph Horwitz wa Marekani aliionyesha mwaka 1992. Ila alfa nayo ni akiba isiyojazwa. Mtu akifika miaka 40 na kitu, ile iliyo huru katikati ya lenzi imebaki kidogo mno. Vibonge vikikua vya kutosha, nuru inatawanyika, na dereva anaanza kulalamika kwamba taa za magari Barabara ya Morogoro usiku zinamchoma macho.

Hapo ndipo wanaotetea matone wanapata hoja yao. Kama ugonjwa ni protini kushikana, kwa nini zisiachanishwe? Mwaka 2015 watafiti wa China na Marekani waliripoti katika jarida la Nature kwamba lanosteroli, mafuta ambayo mwili wenyewe huyatengeneza, ilipunguza ukungu kwenye lenzi za mbwa. Walianzia kwa watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho, ambao jeni yao ya kutengeneza lanosteroli ilikuwa na hitilafu. Mwaka huohuo jarida la Science lilichapisha kazi ya kundi jingine lililopata molekuli inayoishika alfa yenyewe na kuiimarisha, na lenzi za panya zikapata nafuu. Habari zilienea haraka: kisu kimepata mpinzani.

Sasa upande wa pili. Watafiti waliochukua viini vya lenzi, yaani sehemu ngumu ya katikati, vilivyotolewa kwa wagonjwa na kuviloweka kwenye lanosteroli hawakuona mabadiliko. Mwaka 2019 kundi lingine, katika jarida la Scientific Reports, liliripoti kwamba lanosteroli haikuzisafisha lenzi za panya wala haikuziyeyusha protini zilizoganda za lenzi za binadamu. Na wale mbwa wa 2015 hawakutiwa matone tu. Walidungwa pia sindano ndani ya jicho, jambo ambalo wauza matumaini hawalitaji.

Nadhani tatizo liko kwenye protini zenyewe. Aliyewahi kula samaki wa kukaanga pale soko la samaki la Feri amekiona kile kidonge cheupe kigumu kwenye jicho la samaki. Hiyo ni lenzi. Ilikuwa angavu kabla ya moto, na hakuna maji wala mafuta yatakayoirudisha. Ndani ya jicho la mzee hakuna moto, mambo huenda polepole, lakini protini zake zimekatika, zimeungana kwa vifungo vipya vya kikemia, zimebadilika rangi. Kuziachanisha zilizoanza tu kushikana kunawezekana. Kukirudisha kiini cha kahawia kilichokomaa sikuoni kukitokea kwa matone.

Ndiyo maana hoja inayosikika kwamba matone yatawaokoa walio mbali na daktari wa macho hainishawishi sana, ingawa nia yake ni njema na ni kweli madaktari hao wamejaa zaidi mijini. Dawa ya namna hiyo, ikipatikana, itafaa mapema, kabla mtu hajaona shida kubwa, na pengine italazimu itumiwe kwa miaka. Maana yake tutahitaji kupima macho ya watu ambao hawajalalamika. Kuwapata watu mapema ndilo jambo lilelile lililotushinda kwa upasuaji.

Upasuaji nao una kasoro zake. Lenzi ya plastiki, ambayo daktari wa macho Mwingereza Harold Ridley aliipandikiza kwa mara ya kwanza London mwaka 1949, haijivuti kuona mbali na karibu kama ya asili, hivyo wengi huhitaji miwani ya kusomea. Wengine hupata ukungu tena kwenye utando unaoishikilia, na maambukizi hutokea, japo kwa nadra. Lakini kwa kawaida hauchukui hata nusu saa, na aliyeingia akishikwa mkono huweza kutoka akijiongoza mwenyewe.

Matone yanayouzwa leo ni habari nyingine kabisa. Ya N-asetilikanosini, yanayotangazwa mtandaoni, yalipitiwa na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokagua ushahidi wa tiba, mwaka 2017 na ushahidi wa kuridhisha haukupatikana. Mabaya zaidi ni ya steroidi ambayo mtu hujinunulia kwa ajili ya muwasho wa macho: yakitumika muda mrefu bila daktari, yenyewe huleta mtoto wa jicho, na presha ya macho juu yake. Watoto wachanga wenye mtoto wa jicho ndio kabisa hawana muda wa kusubiri matone, kwa sababu ubongo wao unajifunza kuona miezi hiyohiyo.

Kwa hiyo babu wa Mbagala asiyeitambua tena noti aliyoishika, utafiti huu haumhusu, apelekwe akapasuliwe. Unamhusu mwanawe wa miaka 45 mwenye kisukari, ambaye alfa yake iliyobaki bado inapambana. Naye kwa sasa alichonacho ni kudhibiti sukari, kuacha sigara, kuvaa miwani inayokinga mionzi ya jua, na kupima macho hata kama anaona vizuri.