Tipa la saba machimboni: mzigo au foleni?

Juzi barazani Ngamiani, Tanga, Barabara ya 12, kahawa ilipoa watu wakibishana. Kijana wetu aliyerudi kutoka machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka, kule Mbinga, alishikilia kwamba uchimbaji wa wazi, uwe wa makaa au wa mawe ya chokaa kama huu wetu wa Pongwe, dawa yake ni kuongeza matipa ili ekskaveta, ile mashine inayochimba na kujaza matipa, isisimame. Mzee aliyeendesha tipa miaka mingi akamkatalia: "Foleni utaongeza, mwanangu. Mzigo, hapana."

Twende kwa hesabu. Ekskaveta ikijaza tipa kwa dakika 3, na mzunguko wote, kujazwa, kwenda kumwaga na kurudi, ukichukua dakika 18, matipa 6 yanatosha: tripu 20 kwa saa. La saba halileti tripu ya 21. Litasubiri, injini inanguruma, dizeli inateketea.

Kijana naye ana hoja. Hizo dakika 18 ni wastani tu. Jiwe likipasua tairi, au matipa matatu yakirudi kwa pamoja, ekskaveta inakaa bila kazi, nayo ikisimama hakuna kinachotoka shimoni. Tipa moja la akiba lina maana yake.

Lakini foleni inamuumiza nani? Dereva anayelipwa kwa tripu. Matipa 6 yanagawana tripu 20. Yakiwa 7 yanagawana zile zile 20. Hapo mimi niko na mzee, tena bila kusitasita.

Ugonjwa wenyewe mara nyingi uko barabarani. Masika yakishika, Machi hadi Mei, tairi likizama sentimita 10 tipa linahangaika kama linapanda mwinuko wa asilimia 6 zaidi, hata kwenye tambarare. Mzunguko ukifika dakika 24, matipa yale yale 6 yanatoa tripu 15. Bosi akiona ekskaveta imekaa anaagiza matipa mawili, wakati greda ya kusawazisha barabara na mtaro wa kutoa maji vingerudisha tripu zote 5 zilizopotea.

Mzee alisogeza vikombe viwili mezani kuonyesha jambo lingine: tipa likisimama vizuri, mkono wa ekskaveta unageuka robo duara, likisimama vibaya, nusu duara, na kila baketi inachelewa.

Kijana akamuuliza, "Enzi zako, babu, masika greda ilipita mara ngapi kwa wiki?"

"Mara moja. Na wiki nyingine haikupita."

Kijana akavuta kikombe cha pili karibu, akaanza kuhesabu upya.