Kalala Magongo, Chungu Kiko Bamba

Kila masika yanapowakuta akina mama peke yao mashambani Ganze na Kaloleni, kaunti ya Kilifi huko pwani ya Kenya, lawama huwaangukia waliohamia Mombasa: wameitupa ardhi, Kilifi inabaki na wazee. Lawama hiyo si ya bure, kwani mkorosho uliotelekezwa hauzai, na pesa ya M-Pesa haishiki jembe.

Ila nani alimwacha mwenzake kwanza? Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilianguka miaka ya 1990, na tangu mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Shamba lilikuwa limeacha kulipa kabla kijana hajafunga mzigo wake.

Sensa ya 2019 ina jambo ambalo halinitoki akilini. Kilifi ilikuwa na watu 1,453,787 na Mombasa 1,208,333. Hata hivyo Mombasa, yenye watu wachache, ilihesabiwa kaya zaidi ya 370,000, ilhali za Kilifi hazikufika 300,000. Kaya ni watu wanaopika pamoja chini ya mkuu mmoja, na mtu huhesabiwa alipolala usiku ule wa tarehe 24 Agosti. Kwa hiyo kibarua wa makontena aliyelala Magongo, mtaa wa Mombasa, akachemsha chai yake ya mkandaa kwenye jiko la mafuta taa, aliandikwa kaya kamili ya mtu mmoja, na mkewe huko Bamba, Kilifi, akaandikwa mkuu wa kaya nyingine, ingawa unga unaosongwa kule umenunuliwa kwa jasho la huku. (Wapo pia wapangaji wasiooa na waliotoka mbali zaidi, sidai kwamba kila chumba cha Magongo kina mke Bamba.) Anayesoma takwimu hizo ataona familia mbili, moja ikiwa na shamba lisilovunwa, na atamwita mtoro yule yule anayeilisha.

Ndiyo maana reli mpya ya 2017, ilipoanza kubeba makontena moja kwa moja hadi bara, haikuwaumiza madereva na wapakiaji wa Mombasa peke yao. Unga ulipungua hata katika vijiji visivyoijua hata honi ya treni. Mpango wa kilimo wa kaunti unaohesabu ekari na mbegu tu hauwezi kuliona pengo hilo, kwa sababu mvua ya nyumba hizo hunyesha Kilindini, bandarini Mombasa.